Vidole Vinne na Kucha

Kila asubuhi wodi ya wazazi iliamshwa na funguo. Kabla kengele haijalia, kabla kigari cha chai hakijasukumwa, ungesikia kwenye ukumbi mrefu chaka, chaka, chaka, na kila muuguzi angenyoosha aproni yake na kumeza upesi alichokuwa anatafuna. Ni Sista mkuu wa wodi huyo anakuja, na shada lake kiunoni: ufunguo wa kabati la dawa, wa stoo ya mashuka, wa chumba cha chai, mpaka wa kopo la sukari. Miaka ishirini na miwili alikuwa anaifungua na kuifunga wodi ile, hata jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika. Mbele yake walimwita Sista. Kisogoni walimwita Funguo.

Mwanamke wa habari hii naye alikuwa na jina lake zuri tu, la kurithi kwa bibi yake. Lakini siku ya kwanza alipoingia wodini, Funguo alimtazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, akasema, "Kumbe ndiye wewe wa ng'ambo." Ikawa hivyo. Ng'ambo asubuhi, Ng'ambo jioni. Jina la bibi likabaki kwenye cheti.

Wala hakuwa mgeni. Alizaliwa mitaa mitatu tu kutoka hospitali hiyo. Akiwa binti wa miaka ishirini alikwenda nchi za mbali kusomea uuguzi, akahitimu, akafanya kazi miaka tisa katika chumba cha watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao, ambao mwili mzima unaenea kwenye kiganja. Mikono yake ilizoea vitu vidogo. Alirudi kwa sababu moja: mama yake alianguka bafuni, mguu ukaunga vibaya, na mtoto wa kike alikuwa yeye peke yake. Akadhani amerudi nyumbani. Kumbe kurudi ni jambo moja, na kupokewa ni jambo lingine.

Utaratibu ulikuwa huu. Aliyesomea nje hawekwi kazini moja kwa moja. Atakaa chini ya uangalizi miezi kumi na miwili. Kila mwisho wa mwezi mkuu wa wodi anaandika neno moja kwenye fomu yake: ameweza, au hajaweza. Ukipata ameweza kumi na mbili mfululizo, wanakupa leseni. Ukipata hajaweza moja, unarudi mwezi wa kwanza, kama watoto wanaoruka mistari chini: ukikanyaga mstari, anza upya. Na mpaka upate leseni, huruhusiwi kumgusa mgonjwa. Asubuhi, wenzako wanapokabidhiana zamu kitanda kwa kitanda, wewe unasimama mlangoni umeshika trei.

Mwaka ule walikuwa watatu: yeye, mfamasia mmoja mpole, na muuguzi wa kiume mwenye mikono kama sepetu.

Wiki ya kwanza tu, mambo yakaharibika. Funguo alikuwa anawafundisha wanafunzi kumlisha mtoto asiyeweza kunyonya, kwa mpira mwembamba unaopitishwa puani hadi tumboni. Aliinua mkono wake juu watu wote wauone.

"Vidole vinne na kucha," alisema. "Kuanzia puani, vidole vinne, geuza mkono, vinne tena, na kucha moja. Hapo weka alama, ingiza mpira, mimina maziwa. Nimelisha watoto hivi kabla ninyi hamjazaliwa."

Sauti ikatoka mlangoni, kwenye trei. "Vidole vya nani, Sista?"

"Unasemaje?"

"Nauliza, vidole vya nani? Maana vyako vimenona, vya binti huyu ni kama njiti za kiberiti, na vya kaka yetu hapa..." akamgeukia yule mwenye sepetu, "vya kaka yetu vinne ni mtoto mzima, na kucha ni pacha wake."

Wodi ilipasuka kwa kicheko. Hata mama mmoja aliyeshonwa jana yake alijishika tumbo, "Jamani msinichekeshe, nyuzi zitakatika!" Wanafunzi waliinamisha vichwa, mabega yanatetemeka. Ng'ambo akaendelea kueleza, bila ubaya, kwamba kule alikotoka humpima mtoto mwenyewe: puani mpaka sikioni, sikioni mpaka katikati ya ncha ya kifua na kitovu. Kila mtoto na kipimo chake.

Funguo hakucheka. Alimkaribia, akasema taratibu, "Hapa si ng'ambo. Shika trei yako."

Ukweli usemwe. Neno lile lilikuwa la haki, ila kicheko kilikuwa cha ziada. Mtu anaweza kumsamehe aliyemsahihisha. Aliyewachekesha watu juu yake, ni kazi.

Siku ile ile, kwenye chumba cha chai, Funguo alifungua kabati, akagawa vikombe. Alipofika kwa Ng'ambo alichakura nyuma kabisa, akatoa kikombe cha kijani kilichokatika mkono, kimebaki kibutu chenye ncha. "Chako hiki," akasema. Chai yenyewe ni ya moto wa kuchemka. Ng'ambo alikishika kwa pindo la aproni, akanywa, akaunguza midomo, akasema asante. Kikombe kile alikinywea miaka mitatu.

Ndiyo, mitatu. Mwaka wa kwanza alianguka mara tatu, kila mara mwezi wa nne: kona ya shuka haikukaa sawa. Hajaweza. Mwaka wa pili alifika mwezi wa tisa. Asubuhi moja mama yake alishindwa kunyanyuka kitandani, akachelewa dakika kumi. Hajaweza. Neno lenyewe halikuandikwa tu. Lilitamkwa mbele ya wote, wakati wa kukabidhiana zamu, kama tangazo la msiba. Mfamasia hakumaliza mwaka. Alirudi alikotoka bila hata kuaga. Mwenye sepetu alivumilia mwaka na nusu, akasema, "Dada, mimi nimesomea watu, sikusomea mashuka," akaenda zake.

Ng'ambo alikuwa mcha Mungu. Asubuhi na jioni alipiga magoti pembeni ya kitanda cha mama yake wakasali pamoja. Lakini akifika mahali pa kuwasamehe waliomkosea, alikuwa anakohoa. Anakohoa, anaruka, anaendelea mbele.

"Kikohozi chako hicho," mama yake alimwambia siku moja, "mbona kinajua sala kwa moyo?"

"Vumbi la wodini, mama."

"Vumbi. Haya. Kisasi ni cha Mungu, mwanangu. Wewe una zamu ya asubuhi, lala."

Mwaka wa tatu alikwenda kama anayetembea juu ya mayai. Ameweza, ameweza, ameweza, mpaka zikawa kumi na moja, na mwezi wa kumi na mbili ukabakiza siku nne. Siku hiyo alikuwa anatandika kitanda. Kwenye kitanda cha jirani, cha sita, kulikuwa na mtoto njiti, na yule binti wa vidole vya njiti za kiberiti, sasa muuguzi, alikuwa amepima mpira kwa mkono wake mwenyewe, kama alivyofundishwa. Vidole vyembamba vikatoa kipimo kifupi. Mpira haukufika tumboni, uliishia njiani. Funguo alipita, akautazama, akasema, "Vizuri, mimina." Akamimina.

Mtoto hakulia. Hilo ndilo lililomshtua Ng'ambo, kwamba hakulia. Aligeuza shingo akaona midomo imekuwa rangi ya wino. Shuka lilianguka lenyewe. Alivuta mpira, akamlaza mtoto kifudifudi kwenye kiganja, kichwa chini, akamfuta maziwa mdomoni na puani, akamvuta yaliyobaki kwa kipira cha kufyonzea kilichokuwa kwenye trei, akamsugua mgongo kwa vidole viwili, "Njoo, njoo, njoo mwanangu," mpaka kikatoka kilio chembamba kama cha paka. Mama wa mtoto, aliyekuwa amesimama ameziba mdomo, alianguka kwenye miguu ya Funguo. "Asante Sista! Mungu akubariki Sista!" Maana Funguo ndiye alikuwa na kofia na funguo.

Na Funguo akapokea. "Inuka, mama. Ndiyo kazi yetu."

Siku nne baadaye, mbele ya wodi nzima, alifungua fomu. "Amegusa mgonjwa bila ruhusa," akasoma. "Hajaweza."

Ng'ambo alishika trei, akatoka nayo mpaka ukumbini, akasimama akiitazama. Kulikuwa na mama wa usafi, mwanamke mnene mwenye mdomo usio na pazia, waliyemwita Deki kwa kuwa hakuachana na ufagio wake wa maji. Deki alikuja akasimama karibu.

"Shoga yangu, wenzio wameondoka. Wewe unaondoka lini?"

"Siondoki."

"Unaipenda kazi kiasi hicho?"

"Sipendi chochote. Nataka siku moja tu yeye asimame pale mlangoni ameshika hii trei, na mimi niwe na lile neno mdomoni."

Deki aliegemea ufagio, akafikiri. "Basi utakaa sana, bibi wee."

"Nitakaa."

Sasa, Deki alikuwa anadeki sakafu siku mtoto alipopaliwa, na aliona kila kitu. Watu hawamhesabu mwenye ufagio kuwa na macho. Daktari wa watoto alipopita kuuliza ni nani aliyemuokoa mtoto wa kitanda cha sita, wauguzi wote walitazama viatu vyao. Deki akasema kwa sauti ya kutosha wodi tatu, "Ni Ng'ambo! Na ndiyo maana kaandikwa hajaweza. Toa mguu, Daktari, hapo kuna maji."

Daktari aliandika barua. Wakaja wakaguzi wawili wa leseni, wakamtahini Ng'ambo asubuhi moja, na kabla ya saa sita alikuwa na leseni mkononi. Jioni ile alikivingirisha kikombe cha kijani kwenye gazeti, akakiweka chini kabisa ya droo yake. Wenzake walidhani anaweka kumbukumbu. Alikuwa anaweka silaha.

Miaka miwili ikapita. Yule daktari akawa Daktari Mkuu, na hospitali ikajenga chumba cha watoto njiti, chenye masanduku sita ya joto, taa za taratibu na mlango wa kufunga polepole. Mkuu wa chumba hicho hakuhitaji kutafutwa: alikuwa Ng'ambo. Siku ya kukifungua, Daktari Mkuu aliwakusanya wakuu wote wa wodi.

"Miaka mitano hii," alisema, "tumepokea wataalamu kumi na mmoja waliosomea nje. Tumewahangaikia, tumewapa vyumba, tumewaandikia barua. Kumi wameondoka. Amebaki huyu mmoja. Sista, simama. Tuambie siri yako, ili tuwashike na wengine. Ni nini kilikubakiza?"

Ng'ambo alisimama. Mstari wa mbele alikuwa amekaa Funguo, shada lake mapajani, uso kama ukuta. Ng'ambo alimtazama yeye tu.

"Uvumilivu, Daktari."

Wakapiga makofi. Daktari Mkuu akaandika kwenye daftari lake: uvumilivu. Nyuma ya ukumbi Deki, aliyekuwa anagawa maji, alipaliwa mpaka akatolewa nje.

Kisha likatolewa agizo. Hakuna atakayemgusa mtoto njiti, wala kuendelea kuongoza wodi ya wazazi, mpaka atahiniwe na Ng'ambo. Atakayeshindwa kabisa atahamishiwa chumba cha kadi, kule wanakopanga majalada.

"Nina ombi dogo," alisema Ng'ambo kwa sauti ya upole, upole ule wa paka aliyekaa kwenye tundu la panya. "Tusiwahamishe watu upesi. Tutumie utaratibu wetu wa zamani. Ambaye hajaweza, asimame mlangoni na trei, ajifunze kwa macho, mpaka aweze."

"Ni utaratibu wa kibinadamu," alisema Daktari Mkuu.

"Sana," alisema Ng'ambo.

Usiku ule hakukohoa. Aliiruka sehemu ile waziwazi, mama yake akafumbua jicho moja, akalifumba.

Siku ya mtihani wa Funguo ilikuwa ya jua kali, mwanga umejaa dirishani, hapakuwa na wa kusema palikuwa na giza. Mbele yake kuliwekwa mwanasesere wa mpira mwenye ukubwa wa njiti, na mpira wa kulishia wenye vimistari na tarakimu ndogo kama mayai ya chawa. Bibi yule alikuwa amejiandaa. Inaelekea aliwabembeleza wanafunzi wakamfundisha kwa siri, maana alianza sawasawa: puani, sikioni, sikioni mpaka juu ya kitovu. Akaushika mpira pale pale panapotakiwa. Kilichobaki ni kusoma tarakimu na kuitaja.

Akausogeza mpira mbali. Akausogeza karibu. Akainama mpaka kichwa chake kikagusa bega la Ng'ambo.

"Hapa pameandikwa ngapi, binti yangu?" alinong'ona. "Macho yangu leo yana mchanga."

Binti yangu. Miaka mitano hakuwahi kumwita hivyo. Ng'ambo aliiona tarakimu: kumi na tano. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Na papo hapo akaelewa kitu kingine, kwamba macho yale hayakuanza kuharibika leo. Pengine hata ule mpira mfupi wa mtoto wa kitanda cha sita Funguo hakuuona. Alipita tu akasema vizuri, kwa kuwa aliona aibu kuinama.

Alielewa yote hayo, na hakuhurumia hata kidogo.

"Hapa si ng'ambo, Sista," akanong'ona naye. "Huko ndiko wanakosomeana."

Funguo alinyooka. Mikono yake ikabaki hewani kitambo. Halafu, kama mtu aliyepotea anayeirudia njia ya kwao, vidole vyake vikaukamata mpira wenyewe: vinne, geuza, vinne tena, na kucha. Vidole vilikuwa vimevimba viungoni kwa uzee, si vile vya zamani. Kipimo kikapita kwa kiasi cha kuweza kumtoboa mtoto.

Ng'ambo aliiacha kalamu mezani. Alitaka kulitamka neno kwanza. Aligeuka awatazame wauguzi wote waliosimama, akavuta pumzi.

"Hajaweza."

Wenzangu, kama kuna asali isiyotoka kwa nyuki, ndiyo ile. Iliteremka kooni mwake polepole, na siku nzima alikuwa anailamba midomoni.

Kuanzia kesho yake Funguo alisimama mlangoni na trei. Na si hilo tu. "Sista, samahani," Ng'ambo alimwambia, "watoto njiti hawavumilii kelele." Akamwonyesha msumari ukutani, nje. Ilikuwa kweli, hata vitabu vinasema. Funguo alifungua shada kiunoni, akalitundika msumarini, akaingia bila mlio. Miaka ishirini na saba watu walikuwa wanamsikia kabla hawajamwona. Sasa aliingia, na hakuna aliyegeuka.

Wakati wa chai Ng'ambo alifungua droo, akafunua gazeti, akamimina chai ya kuchemka kwenye kikombe cha kijani. "Chako hiki," akasema. Akakaa mkabala, ashuhudie.

Funguo alikizungushia viganja viwili. Akafumba macho. "Aa," akasema. "Kikombe hiki kina akili."

"Kina nini?"

"Asubuhi vidole vyangu vinauma, mkono wa kikombe siwezi kuushika. Hiki nakikumbatia tu, joto linaingia mpaka kwenye mifupa. Umekipata wapi?"

"Ulinipa wewe."

"Mimi?" Funguo alikigeuza, akakitazama kibutu chake. "Sikumbuki. Nilikupa kitu kizuri hivi?"

"Miaka mitatu umeniunguza nacho, Sista!"

Bibi alinywa kidogo, akakiweka chini. "Kikombe sikikumbuki," alisema. "Kicheko nakikumbuka. Mpaka yule mama wa nyuzi, namkumbuka na rangi ya kanga yake."

Chai ikapoa.

Nyumbani mama alimtazama binti yake akila. "Umempata?"

"Nimempata, mama."

"Umefurahi?"

"Sana."

"Mbona unatafuna kama anayemeza vidonge?"

Ukapita mwezi. Hajaweza. Wa pili. Hajaweza. Funguo alianza kukonda. Siku moja alimfuata Ng'ambo stoo, akafunga mlango. "Niandikie nimeshindwa kabisa," alisema. "Niende zangu kwenye kadi nikamalizie miezi yangu iliyobaki kabla ya kustaafu. Kule hakuna anayenitazama."

"Haiwezekani, Sista. Ukienda kwenye kadi, nani atashika trei?"

"Una roho ngumu, mtoto wewe."

"Nilikaziwa hapa hapa."

Funguo alimtazama kwa muda, akatikisa kichwa, na ajabu, mdomo ukamchezacheza kama anayetaka kucheka. "Na mimi siondoki," alisema. "Umenisikia? Kama ni kukaa, tutakaa."

Jumatatu ya mwezi wa tatu Funguo aliingia na miwani. Miwani mizito, ya vioo kama kitako cha chupa, iliyomfanya awe na macho kama ya samaki. Muuguzi mmoja alianza kutabasamu. Ng'ambo alimtupia jicho, tabasamu likafa. Kumbe bibi yule alikuwa anaogopa miwani kuliko kifo, akidhani siku watakapomwona nayo ndiyo siku watakayosema amezeeka aende. Aliweka trei chini, akanawa mikono mpaka viwikoni, akaenda kwenye sanduku la pili bila kualikwa.

Ndani kulikuwa na mtoto wa kike wa kilo moja na robo. Funguo alimpima: pua, sikio, juu ya kitovu. Akasoma tarakimu kwa sauti. Ilikuwa sawa. Akapitisha mpira kama anayepitisha uzi kwenye sindano, akavuta kwanza majimaji kidogo ya tumboni kuhakikisha umefika, ndipo akaunga bomba la maziwa, akalinyanyua, akayaacha yashuke yenyewe, tone, tone, bila haraka. Mtoto alikunjua ngumi moja, akalala. Mikono ile mizee ilikuwa mizuri. Tangu mwanzo ilikuwa mizuri. Kilichokosekana ni kipimo.

Chumba kizima kilimgeukia Ng'ambo. Hata Deki, aliyekuwa mlangoni, ufagio wake ulisimama.

Neno lilikuwa moja, la silabi nne. Ng'ambo alifungua kinywa. Akaiona ile kona ya shuka. Akamwona mama yake anashindwa kunyanyuka, na saa ya ukutani. Akamwona yule mzazi amepiga magoti kwenye viatu visivyostahili, na sauti inasema, inuka, mama, ndiyo kazi yetu.

"Tutaona kesho," akasema.

Funguo alivua miwani, akaifuta kwa pindo la aproni, akaivaa tena. Alimtazama Ng'ambo kama mpishi anavyomtazama mpishi mwenzake aliyeonja mchuzi wake akaujua. Kisha akaenda mlangoni, akainua trei, akasimama nayo wima mpaka mwisho wa zamu.

Kesho yake, wakati wa kukabidhiana, kabla hata kitanda cha kwanza hakijatajwa, Ng'ambo alisema kwa sauti ya kusikika ukumbini, "Ameweza." Akaandika. Akatoka nje, akalitoa shada msumarini, akampa mwenyewe mkononi. Wauguzi wakapiga makofi ya kimyakimya, ya vidole viwili, kwa ajili ya watoto.

"Na kikombe?" aliuliza Funguo.

"Chukua. Nimekipa mkono wa heri."

Deki alimngojea ukumbini. "Haya, shoga. Kilichokubakiza kimekwisha. Unaondoka lini?"

Ng'ambo alifikiri. Kwa kweli alipoamka asubuhi ile alijitafuta kifuani, pale pa kila siku, akakuta pametulia mpaka akaogopa. "Yule wa sanduku la pili anakula saa mbili," akasema. "Niache nipite."

Jioni alipiga magoti pembeni ya kitanda cha mama yake. Walipofika pale pa kusamehe, mama alisubiri kikohozi. Hakikuja. Ng'ambo alilisema neno lote, taratibu, mpaka mwisho.

Mama akashusha pumzi. "Mungu ashukuriwe... umesamehe yote, mwanangu?"

"Yote, mama." Akainuka magotini. "Ila ile siku moja ya tutaona kesho. Ile siku moja nimeichukua, na wala sijutii. Nikifika mbele za Mungu nitamweleza mwenyewe."

Mama alilivuta shuka mpaka kidevuni, akageukia ukutani. "Mweleze vizuri," alisema, "na umwambie Sista alikuwa amekwisha weza."